Kwa Nini Redio ya Boti Hukoroma Taa ya LED Ikiwashwa?

Jioni moja tukivuka kutoka Mokowe kwenda Lamu, nahodha alizima taa tukiwa katikati ya maji. Nikashtuka. "Tulia mwanangu," akasema, "nataka kumsikia mwenzangu." Redio ya VHF iliyokuwa ikikoroma ikanyamaza, sauti ya mwenzake ikaja safi. Akawasha taa, mkoromo ukarudi. Antena alikuwa ameshabadilisha mara mbili.

Kosa halikuwa la redio. Mwaka 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani waliwatahadharisha mabaharia kuhusu jambo hilihili: baadhi ya taa za LED huvuruga redio za VHF. Na chanzo mara nyingi ni jinsi bodi ya saketi iliyomo ndani ya taa ilivyopangwa.

LED nyeupe moja hutaka volti 3 hivi. Zikizidi kidogo tu, mkondo hupanda kwa kasi na LED huungua. Betri ya boti ni ya volti 12, na injini ikiichaji hufika 14. Kwa hiyo huwekwa draiva, saketi ndogo ya kuushika mkondo usipande wala kushuka. Draiva nyingi hukata na kuunganisha umeme mara laki kadhaa kwa sekunde, halafu koili, yaani waya uliozungushwa, huulainisha. Betri haipotezi nguvu nyingi kwa joto, na hilo ni zuri. Ubaya ni kwamba kila mkato ni kelele, na mkato ukiwa mkali, kelele hupanda hadi mamia ya megahezi. Chaneli ya 16, ambayo mabaharia huomba msaada kwayo, iko kwenye megahezi 156.8.

Sasa tuingie kwenye bodi yenyewe. Umeme ukienda sharti urudi. Ndani ya draiva kuna kizingo kimoja kikorofi: kutoka kapasita ya mlango wa umeme (kijihazina cha umeme), kupitia transista inayokata umeme na dayodi inayoupitisha upande mmoja tu, hadi kwenye kapasita tena. Humo mkondo hautiririki, unaruka na kukatika. Kizingo kikiwa kipana, fundi ameshatengeneza antena bila kujua. Milimita moja ya njia nyembamba ya shaba ina kama nanohenri 1, kipimo cha ukaidi wa njia dhidi ya mkondo unaobadilika. Ni kidogo mno, utasema. Lakini ampea 1 ikikatika ndani ya nanosekunde 10 kwenye njia ya milimita 10, inazuka volti 1 nzima ambayo hakuna aliyeiomba.

Ndiyo maana mpangaji mzuri wa bodi huanza na kapasita hiyo, ile ndogo ya seramiki, akaibana kando ya chipu kabla ya kugusa kitu kingine. Tabaka la chini huliacha liwe shaba tupu ya graundi, yaani njia ya pamoja ya umeme kurudi, lisilokatwakatwa, kwa sababu mkondo wa kasi hupenda kurudi moja kwa moja chini ya njia uliyoendea, kama kivuli. Mahali transista inapokutana na koili pana mtego: wengi hupapanua ili pakae baridi, kumbe volti hapo hupanda na kushuka kila mara, na shaba pana hutapakaza kelele zaidi. Mimi ningepaacha padogo, joto nikaliondolea kwenye graundi.

Ukitaka kujua kama taa yako ni mkosaji, izime, weka redio kwenye chaneli tulivu, rekebisha skwelchi (kirekebisho cha kunyamazisha mvumo wa redio) mpaka redio inyamaze tu, kisha washa taa. Ikianza kukoroma, umempata.

Taa ya nahodha tuliifungua kesho yake, barazani kwake. Kapasita kubwa ilikuwa ukingo mmoja wa bodi, chipu ukingo wa pili. Karibu na chipu palikuwa pamechapishwa C1, pedi mbili zinang'aa, na juu yake hapana kitu. Aliyeitengeneza alichora mahali pa kapasita ndogo, kisha hakuiweka.

Nahodha alipatazama pale patupu kwa muda. "Hiyo iliyokosekana," akauliza, "bei gani?" Nikamwambia haifiki hata bei ya chai.

"Na mimi nimenunua antena mbili."