Bado hujaamua kura ya urais umpe nani? Usikimbizwe na mtu

Kazi yangu ni elimu ya mpiga kura, nipo kwenye taasisi ya elimu ya uraia hapa Mwanza, na watu ninaokutana nao sana sio wale wenye kadi ya chama mfukoni, ni wale wanaosubiri mkutano wa mtaa uishe alafu wanakuvuta pembeni wanakwambia kwa sauti ya chini, mwalimu mimi urais bado sijaelewa nimpe nani. Wanasema kwa aibu kabisa, kwasababu kijiweni ukisema bado unapima unaitwa kigeugeu, au wanasema huyo anasubiri hela. Naomba hilo tulitoe kwanza. Ibara ya 5 ya Katiba inampa raia mwenye miaka 18 haki ya kupiga kura, hakuna mahali imesema uwe umeshaamua tangu mwezi wa nane, na kampeni zimewekwa kisheria kwa ajili yako wewe hasa ambaye bado unapima, maana aliyeamua siku nyingi kampeni inamuongezea nini?

Ila ukikaa nao ukawasikiliza unagundua wengi wamechanganyiwa madesa. Wanaletewa mambo ya diwani kwenye kura ya rais na mambo ya rais kwenye kura ya diwani, sasa mtu atapimaje?

Pale mwaloni Kirumba, soko la samaki la hapa Mwanza, nilimkuta mama mmoja anachambua dagaa juu ya turubai, furu anawatupia upande mmoja, uchafu upande mwingine, na risiti zake za ushuru kazibana na jiwe zisipeperuke. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, alafu bila kuinua kichwa akaniuliza, "Hao wagombea urais, yupi atanitolea huu ushuru wa gunia?" Nikamwambia mama huo ushuru unapangwa na halmashauri, baraza la madiwani ndo linapitisha sheria ndogo, na hapa mpo Manispaa ya Ilemela. Akaendelea kuchambua kidogo, akasema, "Sasa mbona diwani alivyokuja kuomba kura alituhubiria reli?"

Hapo ndo penyewe. Tunapewa karatasi tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani, lakini jukwaani zinahubiriwa kama ni moja.

Cha rais ni kipi basi? Ni kingi, na huku ziwani kinatugusa moja kwa moja. Rais anateua mawaziri, wakuu wa mikoa na wa wilaya, wakurugenzi wa halmashauri, majaji, mkuu wa polisi, na anaweza kuteua wabunge mpaka 10. Wavuvi hamjasahau 2018, Operesheni Sangara ya kukamata zana haramu za uvuvi, nyavu zinachomwa moto ufukweni, watu wanapigwa faini, wengine wanasema bora samaki wapumue wengine wanasema tumefilisika, na kelele zake zikafika mpaka bungeni. Ile haikuwa ya diwani wala mwenyekiti wa mtaa, ilikuwa ya wizara, na waziri anawekwa na rais na anatolewa na rais. Kwahiyo mvuvi ambaye hujaamua, una swali la haki kabisa la kumuuliza mgombea urais au watu wake wakija mwaloni: zana haramu utaanzia wapi, kwa mwenye mtumbwi mmoja au kwa anayeziingiza nchini na kuziuza? Na ukimchomea mtu nyavu leo, kesho anakula nini? Akikujibu kwa kukupigia muziki, umeshapata jibu.

Vivuko hivohivo. MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018 inakaribia Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa, na kile kilikuwa kivuko cha TEMESA, wakala wa serikali kuu. Mtu wa Ukerewe anayepanda kivuko kila wiki anaposikiliza kampeni za urais asikilize kuhusu ukaguzi, nani anahesabu abiria pale gatini, vifaa vya kujiokolea vipo vingapi, sio kusikia tu kwamba tutanunua meli mpya. Meli mpya ni nzuri, daraja la Kigongo-Busisi la kama kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025 ni zuri na limewaondolea watu foleni ya feri, reli ya SGR ya Mwanza-Isaka kilomita 341 nayo ni ya serikali kuu, lakini ukipewa vitu vilivyojengwa tu unasahau kuuliza nani atavitunza. Taka za Mabatini, mitaro ya Igogo, vibanda vya machinga, hayo yaanzie kwa diwani wako na halmashauri. Mstari kati ya kazi za diwani na za rais sio msafi sana kwakweli, maana mkurugenzi anayesimamia hiyo halmashauri anateuliwa na rais, ndo maana sisemi diwani na rais hawahusiani, nasema ujue kwa nani unaanzia kuuliza.

Kuna jambo la kisheria ambalo naona halisemwi vya kutosha na kwa ambaye hajaamua lina uzito mkubwa. Tanzania hakuna duru ya pili. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, mshindi alitakiwa apate zaidi ya nusu ya kura zote, Mkapa akapata asilimia 61.8 akapita. Mwaka 2000 Katiba ikabadilishwa, marekebisho ya 13, na toka hapo mwenye kura nyingi kuliko mwingine yeyote ndo rais, hata akipata asilimia 35 wengine wakagawana zilizobaki. Majirani zetu wa ziwa hilihili, Kenya na Uganda, wanadai zaidi ya nusu, na Kenya 2022 Ruto alitangazwa na asilimia 50.49, yaani ilibaki padogo sana warudie. Kule mtu anaweza kumpa kura anayempenda kwanza, ikishindikana anachagua tena kati ya wawili. Huku kwetu ni raundi moja. Sasa wengine wanakwambia usimpe fulani kura itapotea. Mimi siwezi kukuamulia hilo, kuna anayesema nitampa ninayemuamini hata akipata kura mia, na kuna anayesema ntachagua kati ya wale wawili wenye nafasi, zote ni njia halali za kufikiri, kitu ambacho sio halali ni kudanganywa kwamba kura ya aliyeshindwa haihesabiwi. Inahesabiwa na inatangazwa.

Alafu muangalie mgombea mwenza. Watu wanamuona kama mtu wa kushika mkoba kwenye picha. Katiba inasema rais akitoka upande mmoja wa Muungano makamu atoke upande wa pili, na rais akifariki makamu anaapishwa kumalizia muda uliobaki. Haya sio ya vitabuni, Machi 2021 Magufuli alifariki na Samia akaapishwa Machi 19, miezi michache tu baada ya uchaguzi. Kwa hiyo kwenye ile karatasi unachagua watu wawili, na yule wa pili anaweza kukuongoza miaka zaidi ya minne. Kama wa kwanza unampima kwa nusu saa, wa pili mpe japo dakika kumi, alishika nini huko nyuma na alikiachaje.

Kuhusu ilani, najua ni ndefu na bando ni hela. Usisome yote. Tafuta kitu kimoja kinachokuuma, kama ni maji, uvuvi, pamba, mkopo wa mtoto chuo, soma hapo tu kwa kila chama, na angalia kama kuna namba na mwaka. "Tutaboresha" sio ahadi. Na usiende kwa nyomi. Viwanja vya Furahisha vinajaa akija yeyote mwenye wasanii wazuri, na malori yanabeba watu kutoka mbali tunayaona. Hata zile tafiti za maoni zichukue kwa kiasi, Septemba 2015 shirika la Twaweza walitoa matokeo Magufuli asilimia 65 Lowassa 25, mwezi mmoja mbele kura zikasema 58.46 kwa 39.97. Sisemi walidanganya, waliuliza watu na watu wakajibu, ila mwezi mmoja ni mrefu na wengine hawasemi ukweli wa moyoni kwa mtu wasiyemjua. Yaani watu kama wewe walikuwepo wengi tu.

Presha nyingine inakuja na bahasha. Zamani kulikuwa na kitu kinaitwa takrima kwenye sheria, mgombea anakirimu wapiga kura eti ni ukarimu wa kiafrika, Mahakama Kuu ikaifuta 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inakataza kabisa. Kuuza au kununua kadi ya mpiga kura ni kosa. Na nawaambia kina mama hasa, wapo wanaoambiwa na waume zao, na wavuvi wanaoambiwa na tajiri mwenye mtumbwi, ukapige kwa fulani na nitajua. Hawezi kujua. Kura ni siri, hakuna mwenye haki ya kukudai picha ya karatasi yako.

Nisipotaja uchaguzi wa Oktoba 2025 nitakuwa sijawatendea haki. Siku hizi mtu akiniambia sijaamua mara nyingi hana maana ya nani, anamaanisha niende au nisiende. CHADEMA haikuwepo kwenye karatasi, mgombea wa ACT-Wazalendo alienguliwa, siku ile ya tarehe 29 na zilizofuata watu walipoteza maisha, intaneti ikazimwa, kuna familia mpaka leo hazijatulia. Na Katiba yetu, ibara ya 41(7), inasema rais akishatangazwa hakuna mahakama ya kuchunguza kuchaguliwa kwake, jambo ambalo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ilishasema Julai 2020 kwamba linavunja haki. Mtu mwenye uchungu huo siwezi kumjibu kwa kumwambia kura yako ni sauti yako na kuondoka. Ninachomwambia ni kwamba hayo maswali mawili ayatenganishe, la niende au nisiende na la nani, kwasababu akiyachanganya atajikuta hajajibu hata moja. Na swali lake la kwanza aliulize kwa sauti, kwa wagombea wote: Tume Huru ya Uchaguzi iwe huru vipi, hiyo ibara utaibadilisha au utaiacha? Mimi naona hilo linastahili kuulizwa kabla ya barabara.

Na la mwisho ambalo watu wananiuliza sana, lile la mafiga matatu, yaani rais, mbunge na diwani wote uwape wa chama kimoja. Ni wito wa kampeni, sio sheria. Unaweza kumpa rais wa chama hiki, mbunge wa kile na diwani wa kingine, karatasi zote zikahesabika. Weka alama ya vema kwenye kisanduku cha mtu mmoja tu kwa kila karatasi, ukiweka kwa wawili imeharibika, na ukikosea kabla hujatumbukiza irudishe kwa msimamizi wa kituo uombe nyingine, usione haya. Vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi vinafungwa saa 10 jioni, na kama saa 10 imekukuta upo kwenye foleni una haki ya kupiga, usikubali kurudishwa nyumbani.