Je, wajua? Kompyuta ikikataa ombi lako, unaweza kudai sababu

Tuseme muuza mitumba wa Kibuye, Kisumu, ameomba kibali kwa mtandao. Ameketi saiba, amejaza fomu, amelipa, kisha jibu likaja: ombi limekataliwa. Akiuliza kwenye kaunta anaambiwa, "Ni sistimu." Je, mambo yameishia hapo?

Hayajaisha. Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inasema mtu ambaye haki yake imeguswa vibaya na uamuzi wa kiutawala apewe sababu kwa maandishi. Haijasema sababu hizo zinadaiwa binadamu peke yake. Sheria ya 2015 iliyotungwa kutekeleza ibara hiyo ina makali zaidi: ofisi ikiombwa sababu isizitoe, uamuzi wake huchukuliwa kwamba haukuwa na sababu nzuri, hadi ithibitishwe vingine. Natamani kila Mkenya anayetumia huduma za mtandaoni akijue kifungu hicho.

Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu cha 35 kinagusa mashine moja kwa moja: uamuzi mzito ukifanywa na kompyuta pekee, mhusika ajulishwe kwa maandishi, naye anaweza kuomba ufikiriwe upya. Kampuni binafsi nazo zimo, zikiwemo zinazokopesha kwa simu.

Sheria hiyo si ya mapambo. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi wa serikali wa kuanza kutoa kadi za Huduma, yaani vitambulisho vya kidijitali, kwa kuwa athari zake kwa data za watu hazikuwa zimetathminiwa kwanza.

Sheria za kimataifa nazo zinaingia. Februari 2020, mahakama ya The Hague, Uholanzi, ilisimamisha SyRI, mfumo uliounganisha data za raia ili kukisia nani huenda anadanganya kupata misaada ya serikali. Ulianguka kwa sababu ulikiuka haki ya faragha katika Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, na utendaji wake ulikuwa gizani. Kwetu, Ibara ya 2(6) ya Katiba inaifanya mikataba iliyoridhiwa kuwa sehemu ya sheria za Kenya, ukiwemo ule wa Haki za Kiraia na Kisiasa unaolinda faragha.

Likikupata, piga chapa ujumbe wa kukataliwa, andika barua ya kudai sababu, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri. Usikimbilie kortini: sheria ya 2015 inataka kwanza umalize njia za rufaa zilizowekwa kisheria.