Homoni ya parathiroidi ikipanda, usikimbilie vidonge vya kalsiamu

Mgonjwa wa figo ambaye hajafikia kusafishwa damu kwa mashine (dayalisisi) anaambiwa homoni yake ya parathiroidi iko juu. Hapa Moshi ushauri wa majirani huwa uleule: "Mifupa inakwisha hiyo, mama. Kunywa maziwa kwa wingi, nunua na vidonge vya kalsiamu." Nia ni njema, lakini ushauri huo unaweza kumdhuru mgonjwa.

Homoni hii, ambayo kazi yake ni kupandisha kalsiamu kwenye damu, hutoka kwenye tezi nne ndogo sana shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi. Chanzo cha tatizo ni figo. Figo zikichoka hushindwa kutoa mwilini fosfati (madini yaliyomo kwenye vyakula vingi) ya kutosha, na kuamilisha vitamini D, yaani kuiwezesha kufanya kazi. Kalsiamu hushuka, tezi nazo huongeza kazi. Maziwa yana kalsiamu, ndiyo, ila yana fosfati pia. Na kalsiamu ikizidi hujikusanya kwenye kuta za mishipa ya damu.

Mwongozo wa 2017 wa KDIGO, shirika la kimataifa linalotunga miongozo ya tiba ya figo, unasema kiwango bora cha homoni hii kabla ya dayalisisi hakijulikani. Kupanda kiasi huenda ni mwili kujirekebisha. Cha kutazama ni mwelekeo: je, inazidi kupanda kila ikipimwa? Hapo daktari huangalia fosfati, kalsiamu na vitamini D, akarekebisha kilichokwenda kombo. Kalsitrioli, dawa ambayo ni vitamini D iliyokwisha kuamilishwa, huachiwa hatua ya 4 na ya 5 za ugonjwa wa figo, hali ikiwa kali na inaendelea kuwa mbaya.

Jikoni, anza kupunguza soda aina ya kola, soseji na nyama za kopo. Fosfati inayoongezwa kiwandani hufyonzwa mwilini kwa urahisi kuliko ile ya maharage, kwa hiyo tafadhali msimnyime mgonjwa maharage kabla ya kumuuliza mtaalamu wa lishe.