Mama yake Grendel hakuandikwa kuwa na sura mbaya

Inazunguka tena mitandaoni orodha ya maneno ya "Kiingereza cha Kale" ya kumsema mtu mwenye sura mbaya: "ugly", "hideous", "haggard", "ill-favoured". Hata moja si la Kiingereza cha Kale, lugha iliyokoma mnamo mwaka 1100 hivi. "Ugly" lina asili ya Kiskandinavia na mwanzoni lilimaanisha -a kuogofya. "Hideous" na "haggard" yametoka Kifaransa. La pili lilikuwa jina la kipanga wa kuwindia aliyenaswa akiwa tayari mkubwa. "Ill-favoured" lina "favour" kwa maana ya uso, wala si upendeleo, ndiyo maana Biblia ya Kiingereza ya 1611 inawaita hivyo ng'ombe saba waliokonda katika ndoto ya Farao. Hayo tuyaache.

Linalonikera zaidi limeingia hata katika tafsiri zinazoheshimiwa: kudhani kwamba Kiingereza cha Kale, kikimtaja kiumbe wa kutisha, lazima kinazungumzia sura yake. Chukua Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha Kale uliobaki katika mswada mmoja tu wa mwaka 1000 hivi, uliohifadhiwa London. Shujaa wake, Beowulf, anapigana na kiumbe wa kutisha aitwaye Grendel, kisha na mama yake, na mwishoni na joka. Katika mshororo wa 1259 mama yake Grendel anaitwa "ides aglæcwif". Watafsiri wakampa kila namna ya uzimwi na ubaya wa sura. Lakini "ides" ni neno la heshima, bibi wa ukoo bora. Malkia Wealhtheow anaitwa hivyo hivyo. "Wif" ni mwanamke, basi. Mzigo wote umeangukia "aglæc-".

Sasa lifuatilie neno "aglæca" ndani ya utenzi uleule. Grendel anaitwa hivyo, joka linaitwa hivyo. Mshororo wa 893 unamwita hivyo Sigemund, shujaa aliyeua joka. Mshororo wa 2592 unalitumia kwa wingi, ukiwajumlisha Beowulf na joka wanapokabiliana tena. Je, Beowulf naye ana sura ya kuchukiza? Faharasa ya Friedrich Klaeber ya 1922, yaani orodha ya maneno na maana zake katika toleo lake la utenzi huu, iliyotegemewa na vizazi vya wanafunzi, ililikata neno vipande: kwa Grendel ni zimwi, kwa Beowulf ni shujaa. Hiyo si maana ya neno! Ni hukumu ya msomaji juu ya mhusika, ikapachikwa kwenye faharasa, na wanafunzi wakaikariri kama maana. Mimi naegemea "mpiganaji wa kutisha" kwa wote. Sidai kwamba mjadala umefungwa, kwani asili ya neno lenyewe ina utata, ila tafsiri yoyote inapaswa kumfaa Beowulf sawasawa na mama yake Grendel.

"Earmsceapen", mshororo wa 1351, nalo huonewa kwa namna hiyo. Mtu huona "sceapen", hukumbuka "shape", huandika kilema. "Earm" ni mnyonge, mwenye dhiki. "Sceapen" ni kuumbwa au kupangiwa, kutoka kitenzi kilekile kilichozaa "Scyppend", Muumba. Grendel ni aliyeumbiwa taabu. Soma mishororo miwili inayofuata: alizikanyaga njia za uhamishoni akiwa na umbo la mwanamume, ila mkubwa kuliko mtu mwingine yeyote. Na mama yake, pale pale, ana mfano wa mwanamke. Kilema kimetoka wapi?

Kuhusu sura ya Grendel, mtunzi anatupa vipande tu: kucha kama chuma cha pua, kichwa cha kubebwa na watu wanne, na machoni mwanga kama ndimi za moto, "leoht unfæger" (726–727). "Unfæger" ndilo lililo karibu zaidi na "-baya wa sura", maana "fæger" ni -zuri. Lakini hapa linaeleza mwanga, si uso. Nasita kulitafsiri. "Mwanga wa kutisha" unaongeza hofu ambayo neno halina. "Mwanga usio mwema" unaonekana dhaifu, ila washairi hawa walipenda kukanusha walipotaka kusisitiza. Nauchagua huo wa pili.

Ukitafsiri Kiingereza cha Kale, kabla ya kufungua kamusi, kusanya kila mahali neno linapotokea katika matini yako, uandike kando nomino linayoieleza. "Ful" ukilikuta kwenye maji au maiti, andika -a kuoza au -a kunuka. "Uncuð" ni -geni, -siojulikana. Maana ya ukakasi wa tabia, iliyomo katika "uncouth" la leo, ilikuja karne nyingi baadaye. Na "ides aglæcwif" iwe "bibi, mpiganaji wa kutisha", bila neno lolote juu ya uso wake.