Seramu ya vitamini C kwa uso unaoshika madoa: maswali ya wateja wa Mwanza

Kwenye duka la dawa hapa Mwanza siku hizi haipiti wiki bila mtu kufungua simu, kuonyesha picha ya kichupa cha seramu ya vitamini C (kipodozi cha majimaji cha kupaka uso) chenye mrija wa kudondoshea, na kuuliza kama tunayo na kama kweli inatoa madoa. Wengi wanaouliza wana uso wa aina moja: kipele kikipona kinaacha alama nyeusi ya miezi, na kila kipodozi kipya kinawaka. Haya ndiyo maswali yao, na majibu ninayowapa.

Dada, hivi vitamini C inafanya nini hasa kwenye doa?

Rangi ya ngozi inatokana na melanini. Seli zinazoitengeneza zinategemea kimeng'enya kiitwacho tairosinesi, nacho hakifanyi kazi bila madini ya shaba. Vitamini C inaingilia hapo kati ya kimeng'enya na shaba yake, hivyo melanini mpya inapungua. Vilevile inapunguza makali ya chembe haribifu zinazozaliwa ngozini jua linapopiga.

Haichubui. Rangi yako ya kuzaliwa inabaki palepale. Kinachofifia ni doa, likakaribiana na ngozi inayolizunguka. Mtu akikuahidi kwamba seramu yake itakubadilisha rangi ndani ya wiki mbili, jua kwamba ndani ya chupa hiyo mna kitu kingine, nacho nitakieleza chini.

Chunusi zangu zinapona vizuri, ila kila moja inaacha alama. Nakosea wapi?

Hukosei. Ngozi yenye melanini nyingi ndivyo ilivyo: ikichokozwa, inamwaga rangi. Chunusi inaichokoza, wembe wa kunyolea ndevu unaichokoza, kuumwa na mbu kunaichokoza, na dodoki la kusugulia uso asubuhi na jioni linaichokoza zaidi ya vyote. Doa la kahawia lililo juujuu hufifia lenyewe kwa miezi kadhaa ukiliacha. Lile lenye rangi ya majivu au linaloelekea bluu limezama chini, linaweza kuchukua mwaka na zaidi, na seramu hailifikii vizuri.

Hili ndilo ningependa ulishike kabla hujatoa hela: kwa ngozi yako, muwasho ndio unaozaa doa. Wapo wanaoniambia, "Hii inachoma, maana yake inafanya kazi." Hapana. Ikichoma na kuacha uso umewiva, inakutengenezea alama za mwezi ujao. Kila jibu nitakalotoa hapa linaegemea hapo.

Basi ninunue ya asilimia ngapi?

Vitamini C halisi kwenye kibandiko imeandikwa L-Ascorbic Acid au Ascorbic Acid. Ili ipenye ngozini inabidi iwe kali kama asidi, yaani pH chini ya 3.5, na ukali huo ndio unaochoma. Chini ya asilimia 8 nguvu yake ni ndogo. Ikipanda hadi 20 inaingia zaidi. Ikivuka 20 haiongezi faida, inaongeza muwasho tu. Kwa hiyo anayekuuzia ya asilimia 30 kwa bei ya juu hajakupa kitu bora.

Mwenye ngozi nyeti namwanzishia asilimia 10, au namweka kwenye aina tulivu zaidi za vitamini hiyohiyo. Majina yake kwenye chupa ni Sodium Ascorbyl Phosphate, Magnesium Ascorbyl Phosphate na Ascorbyl Glucoside. Hizi hazihitaji asidi kali, hazichomi sana, na haziharibiki haraka. Ushahidi wake wa kufifisha madoa si mwingi kama wa ile halisi, lakini seramu dhaifu unayoweza kuitumia miezi mitatu ina faida kuliko kali uliyoiacha siku ya nne ukiwa umevimba. Ikiwa ina manukato, spiriti nyingi, au mafuta ya ndimu na machungwa, iache.

Na kama hata hizo zinakuwasha, vitamini C siyo njia pekee. Niasinamide ya asilimia 4 au 5 ni rafiki wa ngozi nyeti, na asidi ya azelaiki inasaidia chunusi na madoa kwa pamoja, ingawa siku za mwanzo inaweza kukuwasha kidogo.

Nitajuaje kama chupa haijaharibika?

Itoe kwenye boksi, simama nayo mlangoni penye mwanga. Ikiwa nyeupe kama maji au ina unjano mwepesi, iko sawa. Ikiwa imefika rangi ya asali, au chai ya rangi, imekwisha. Vitamini C halisi ni kama parachichi lililokatwa: hewa ikiigusa inaanza kugeuka, na joto na mwanga vinaharakisha. Iliyogeuka haisaidii madoa, na inaweza kutia uso na taulo rangi ya kutu.

Hapa kwetu hilo ni tatizo la kweli, kwa sababu chupa nyingi zinakaa kwenye kabati la vioo linalotazama barabara, jua la mchana linazipiga tangu zilipofika. Omba ya ndani, iliyo bado kwenye boksi. Chagua chupa ya rangi nzito, ndogo ya mililita 15 au 30, na bora zaidi iwe na pampu kuliko mrija. Nyumbani iweke kabatini, mbali na dirisha. Ukiwa na friji, weka humo. Usiiache kwenye pochi wala kwenye chumba cha bati kinachowaka mchana. Ukishaifungua, ile halisi ijaribu kuimaliza ndani ya miezi mitatu hivi.

Kuna zinazotiwa rangi ya machungwa kiwandani ili zivutie. Siwashauri watu kuzinunua, maana rangi ile inaficha kuharibika.

Limao lina vitamini C na ni bei rahisi. Kwa nini nisipake hilo?

Kwa sababu limao karibu lote ni asidi ya sitriki. Maji yake yana miligramu kama 40 hadi 50 za vitamini C katika mililita 100, sawa na asilimia 0.05 hivi, wakati seramu ya kawaida ina asilimia 10. Asidi ya sitriki iliyomo ni karibu mara mia ya hiyo vitamini. Unajipaka muwasho mtupu. Tena limao na ndimu vina kemikali ambazo zikipigwa na jua zikiwa ngozini zinaunguza. Nimeona mashavu yenye michirizi myeusi ikifuata njia maji yalikoteremkia. Limao liache kwenye sato. Vidonge vya vitamini C vya kusaga na kuchanganya na maji ya waridi navyo ni hivyohivyo, hujui ukali uliotengeneza.

Naipakaje?

Kwanza ijaribu. Paka tone moja nyuma ya sikio au upande wa taya, kila siku kwa siku nne au tano. Ngozi ikinyamaza, anza usoni mara mbili au tatu kwa wiki, asubuhi.

Osha uso kwa sabuni laini, ukaushe kabisa (ngozi yenye majimaji huwashwa zaidi), weka matone matatu au manne, subiri dakika chache, paka mafuta yako ya kawaida yasiyo na manukato, kisha losheni ya jua. Ikiwasha kidogo na kuacha baada ya dakika moja, siyo mbaya. Ikiendelea kuwaka, ioshe na upumzike wiki nzima. Kama unatumia dawa ya chunusi yenye benzoili peroksaidi au tretinoini, hizo ziende usiku, usizirundike pamoja.

Mabadiliko yanaanza kuonekana kati ya wiki ya 8 na ya 12. Jipige picha leo, dirisha lilelile, saa ileile, kwa sababu kioo cha kila siku hakitakuonyesha tofauti.

Mimi nafanya kazi mwaloni, nageuza dagaa juani tangu asubuhi. Seramu itanisaidia?

Peke yake, hapana mama, na sitaki upoteze hela yako. Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maana yake mionzi ya jua ni mikali Januari hadi Desemba, hata siku ambayo upepo wa ziwa unakupoza na huhisi joto. Mawingu hayaizuii yote. Mchanga mkavu unarudisha usoni kama asilimia 15 ya mionzi hiyo, kwa hiyo ukiinama kwenye chanja inakupata na kutoka chini.

Jambo jingine wengi hawaambiwi: kwa ngozi nyeusi na ya maji ya kunde, hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho unakoleza madoa, hasa yale mapana ya mashavuni na kwenye paji yanayoitwa melasma. Losheni za jua zisizo na rangi hazizuii mwanga huo vizuri. Inayozuia ni ile yenye rangi ya kahawia iliyotokana na oksaidi ya chuma. Tafuta yenye rangi, SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, na ipake ya kutosha: mistari miwili iliyojaa, kwenye urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Ukiwa nje unatoka jasho, rudia kila saa mbili.

Najua siyo kila mtu ataimudu kila mwezi. Basi kofia pana ya ukili, kanga iliyoteremshwa hadi kwenye nyusi, na kazi kubwa ifanyike kabla ya saa nne asubuhi pale inapowezekana. Kama hela inatosha kitu kimoja tu, nunua losheni ya jua, seramu isubiri. Nasema hivyohivyo kwa vijana wa bodaboda na wavuvi, ambao hawaulizi lakini mashavu yao yanaonyesha.

Wenye ualbino wao siyo watu wa seramu hii kabisa. Wanachohitaji ni kinga ya jua na kuchunguzwa ngozi mara kwa mara. Losheni maalumu kwa ajili yao inatengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, na hugawiwa bure kupitia kliniki.

Nina mimba ya miezi mitano na uso umeshika mabaka. Naweza kupaka?

Vitamini C ya kupaka haijulikani kuwa na madhara kwa mimba, na asidi ya azelaiki pia inaruhusiwa. Tretinoini na haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua ngozi) usiguse. Mabaka ya ujauzito mara nyingi hupungua baada ya kujifungua, usihangaike sana. Kwa asiye mjamzito, baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango navyo vinaleta mabaka. Zungumza na mhudumu wako kuhusu njia nyingine, usiache ghafla.

Na zile sindano za vitamini C na glutathione za kung'arisha mwili?

Usichomwe. Vitamini C nyingi ikiingia kwenye mshipa inaweza kuumiza figo. Kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD inaweza kupasua chembe nyekundu za damu. Upungufu huo ni wa kurithi, na umeenea zaidi kwenye maeneo yenye malaria kama Kanda ya Ziwa. Wengi walio nao hawajui. Anayekuchoma saluni hajakupima.

Niliuziwa krimu ya "vitamin C", nikang'aa haraka sana. Sasa nikiacha uso unawaka na vipele vinatoka. Ni nini?

Inawezekana ulipaka mkorogo uliovalishwa jina zuri. Ndani yake huwa kuna vitu vitatu, kimoja au vyote. Zebaki, ambayo inaingia mwilini na kuharibu figo; mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu wagonjwa wa figo ambao wengi wao walikuwa wakijipaka krimu za kuchubua zenye zebaki. Haidrokwinoni, ambayo ikitumika muda mrefu inaweza kuleta weusi wa bluu usiofutika. Na steroidi kali kama clobetasol au betamethasone, ambazo zinapunguza unene wa ngozi na ndizo zinazoleta huo moto unapoacha.

Zebaki na haidrokwinoni haziruhusiwi kwenye vipodozi Tanzania. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kopo lisilo na orodha ya viambata, lisilo na jina la mtengenezaji, au lenye maneno mercury, calomel au mercurio, usilipake.

Kama umelitumia kwa miezi, nenda hospitali, usijitibu kwa seramu ya vitamini C. Uso uliochunika hauwezi kuibeba. Bugando au Sekou Toure, ulizia daktari wa ngozi. Steroidi huenda ikabidi ipunguzwe taratibu kwa maelekezo yake, na miguu au uso ukiwa umevimba, au mkojo una povu, mwambie siku hiyohiyo ili upimwe figo. Mwonyeshe pia weusi wa shingoni ulio mnene kama mahameli, kwa kuwa unaweza kuwa dalili ya kisukari kinachoanza, na baka lolote lisilohisi ukiligusa, kwa kuwa ukoma bado upo na dawa yake ni bure. Na hilo kopo nenda nalo, hata kama limebaki chini kabisa na kibandiko kimefutika.