Beri Nyeusi za Mwitu Uani Nairobi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

“Kichaka chochote chenye miiba na matunda meusi ni beri yetu ya asili.”

Sivyo, na hapa ndipo wengi hupotea. Miberi ya asili tunayo. Kwenye misitu ya milimani, kama Aberdare na Mlima Kenya, utakuta Rubus steudneri na Rubus volkensii. Upo pia Rubus apetalus, ambao maua yake mara nyingi hayana petali. Wakikuyu huiita miberi hii mutare. Ila yupo na mgeni, Rubus niveus kutoka Asia, aliyekwisha kuzoea nyanda zetu za juu. Visiwani Galápagos mmea huohuo umekuwa gugu sugu linalosonga mimea ya huko. Mtazame shina changa: zambarau, lililopakwa unga mweupe unaofutika kwa kidole, na kila jani limegawanyika vijani vingi, aghalabu saba. Ukibaki na shaka, wapelekee kitawi chenye maua wataalamu wa mimea pale Makumbusho ya Taifa. Kutambua mimea ndiyo kazi yao.

Mbona usumbuke hivyo kwa kichaka kimoja? Kwa sababu pasa na shore hawana habari na mpaka wa kiwanja chako. Wakila beri Muthaiga asubuhi, mbegu ya mgeni huyo inaweza kuangukia msitu wa Karura kabla ya saa sita.

Lantana, kichaka kingine chenye miiba na matunda meusi, ndiyo kabisa, wala haina undugu na mberi. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, jani lake ukilisugua linanuka kwa ukali, na matunda yake mabichi ni sumu. Watoto waambiwe.

“Beri hutaka baridi ya Ulaya.”

Hayo ni ya aina nyingi za kibiashara, zisizochanua vizuri bila majuma ya baridi kali. Miberi ya kwetu imekulia karibu na ikweta, na Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kinachoamua hapa ni udongo. Karen na Kabete kuna udongo mwekundu unaopitisha maji. Embakasi ule mweusi mzito hushika maji masika yote na mizizi huoza. Huko inua tuta, changanya mboji nyingi, ndipo upande.

“Ukishaupanda, utajifunga wenyewe uwe ua kama kayaba.”

Kayaba husimama, mberi hulala. (Na tukizungumzia asili, kayaba lenyewe limetoka kusini mwa Afrika.) Simika nguzo, vuta nyaya mbili, ufunge machipukizi yakiwa bado laini, huku umevaa glavu nene. Ukizembea, ncha itainama, itagusa udongo na kutoa mizizi, na baada ya misimu michache utakuwa unatafuta njia ya kufika kwenye kamba ya nguo.

Tabia hiyohiyo ndiyo itakayokupa miche. Fukia ncha ya chipukizi mwanzo wa mvua, uikate kutoka kwa mama ikishashika. Mbegu huota, lakini kwa kujivuta. Usiende Karura na jembe: sheria ya misitu ya mwaka 2016 hairuhusu kuchukua mimea kwenye msitu wa umma bila kibali. Jirani mwenye mberi atafurahi kupunguziwa.

“Kata wote hadi chini kila mwaka, utazaa zaidi.”

Ushauri huu hutolewa na watunza bustani waliozoea maua ya ua, nao umewanyima watu wengi matunda. Kwa kawaida shina la mberi hukua kwanza, huzaa baadaye, kisha hufa. Ukifyeka kila kitu, umeondoa pamoja na yale yaliyokuwa karibu kuzaa. Ondoa mashina makavu, ya kahawia, yaliyokwisha kuzaa, uache ya kijani. Yakisongamana, bakisha manne au matano yenye nguvu.

“Miiba huita nyoka.”

Nyoka hufuata panya na vyura. Kichaka kikipogolewa na chini kukafyekwa, panya hawana pa kujificha.

“Ikishakuwa nyeusi, imeiva.”

Bado. Nyeusi inayong’aa ingali chachu. Ngoja mng’ao ufifie, kisha iguse: iliyoiva huachia bila kuvutwa. Usichume mapema ukitumaini itaivia jikoni, kwani ikishatoka mtini haiongezi utamu. Chuma asubuhi umande ukishakauka, uweke kwenye friji bila kuosha, na uzile kabla ya siku mbili tatu kwisha.