"Nimetumiwa Mimi, Kwa Hiyo Ni Yangu": Dhana Potofu Kuhusu Kuanika Mawasiliano ya Faragha

Anayeshughulika na hakimiliki na faragha huisikia sentensi hiyo karibu kila wiki. Huja na ushahidi wake: simu inanyooshwa, ujumbe unaonyeshwa, na kweli ulitumwa kwa huyo mwenye simu. Tatizo ni kwamba mara nyingi huja ujumbe ukiwa umeshapostiwa, umeshasambaa, na barua ya wakili wa upande wa pili imeshafika. Kwa hiyo hii tutaifafanua kwa urefu. Dhana nyingine potofu zitapita haraka.

"Nimetumiwa mimi, kwa hiyo ni yangu"

Katika barua moja kuna vitu vitatu, na kila kimoja kina mwenyewe. Kuna karatasi, au nakala iliyo kwenye simu yako. Hiyo ni yako. Kuna maneno, jinsi yalivyochaguliwa na kupangwa. Hayo ni ya aliyeyaandika. Halafu kuna habari za watu zilizotajwa humo, na hao watu wana haki yao juu ya habari hizo hata kama hawakuandika wala kupokea chochote. Kupewa cha kwanza si kupewa cha pili, na mwandishi akikuruhusu kutumia maneno yake hajakupa ruhusa ya kuanika ugonjwa wa dada yake.

Haki yako juu ya hicho cha kwanza si ndogo. Barua unaweza kuitunza, kuichana, kuichoma, kuiuza mnadani au kuwarithisha wanao, na kwa kawaida aliyeiandika hawezi kukulazimisha uirudishe. Usichoweza ni kutoa nakala na kuipeleka kwa umma.

Wengi hudhani hii ni sheria mpya iliyoletwa na mitandao. Sivyo. Mwaka 1741 mshairi Alexander Pope alimshtaki mchapishaji Edmund Curll huko Uingereza kwa kuchapisha barua zake bila ruhusa. Mchapishaji alijitetea kwa hoja ileile tunayoisikia leo, kwamba barua ikishatumwa ni zawadi kwa aliyeipokea. Jaji, Lord Hardwicke, aliikataa: mpokeaji ana haki juu ya karatasi, lakini hana kibali cha kuyachapisha maneno. Linalofundisha zaidi ni mpaka wa zuio la kuchapisha alilolitoa. Lilihusu barua alizoandika Pope tu. Zile alizoandikiwa na wengine hazikuingia, kwa sababu hata yeye, mlalamikaji, hakuwa mwenye maneno ya barua alizopokea.

Karibu miaka 280 baadaye hadithi ikajirudia. Mwaka 2019 gazeti la Mail on Sunday lilichapisha sehemu kubwa za barua ambayo Meghan, Duchess of Sussex na mke wa Mwanamfalme Harry, alikuwa amemwandikia baba yake. Gazeti lilipewa barua hiyo na baba mwenyewe, yaani mpokeaji halali kabisa. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilithibitisha Desemba 2021 kwamba faragha na hakimiliki vyote vilivunjwa. Baba alitaka kusahihisha habari iliyokuwa imeandikwa juu yake na jarida moja, na mahakama ilikubali kwamba kipande kidogo kingeweza kuhalalika kwa lengo hilo. Nusu nzima ya barua haikuhalalika. Kwa hiyo anayesema "nilikuwa najitetea tu" ajiulize kwanza: sentensi gani hasa inajibu uongo uliosemwa? Akishaipata, zilizobaki hana hoja ya kuziweka.

Chini ya Mkataba wa Berne, yaani mkataba wa kimataifa wa hakimiliki uliofikiwa mwaka 1886 na sasa unafuatwa na nchi nyingi sana duniani, ulinzi wa maandishi hautegemei usajili wala utaratibu wowote. Mtu akimaliza kuandika barua pepe ya aya 3, hakimiliki imeshakuwepo. Ndiyo maana swali la "mbona hakuweka alama ya hakimiliki?" halina uzito. Kinyume chake pia ni kweli: lile tangazo refu linalobandikwa mkiani mwa barua pepe za ofisi, kwamba ujumbe huu ni siri na ukikufikia kimakosa uufute, peke yake halimfungi mtu ambaye hakukubali lolote. Siri hulindwa na uhusiano wa watu na aina ya habari yenyewe. Tangazo linakumbusha tu.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kabla ya kuomba ruhusa. Ujumbe mfupi wa kawaida kama "sawa, nakuja saa kumi" hauna ubunifu wa kutosha kupata hakimiliki. Lakini namba ya simu na jina vilivyo juu yake bado ni taarifa binafsi. La pili, barua iliyoandikwa na mtu akiwa kazini, kwa ajili ya kazi, katika nchi nyingi hakimiliki yake ni ya mwajiri. Kumwomba karani aliyeiandika ni kumwomba asiye na uwezo wa kukupa.

Ruhusa yenyewe iombwe kwa maandishi, na iwe mahususi. Nisichochoka kukirudia ni hiki: usiandike "naomba kutumia ujumbe wako". Andika hivi: "Naomba ruhusa ya kuweka hadharani aya ya 2 na ya 3 za barua pepe uliyonitumia tarehe fulani, katika ukurasa wangu fulani, bila jina lako na bila kutaja mahali pako pa kazi. Nitaiondoa ukiniomba." Bandika aya zenyewe chini yake ili asije akasema alidhani unazungumzia nyingine. Akikaa kimya hajakubali. Alama ya bluu kwamba ameusoma ujumbe wako wa kuomba haina maana yoyote kisheria, na inasikitisha kwamba hili linahitaji kusemwa.

"Nimefuta jina, basi niko salama"

Hii ndiyo ya pili kwa kuponza watu, na huponza hasa walio waangalifu. Chukua skrinishoti moja ya mazungumzo uikague polepole. Juu kuna jina, umelifunika. Pembeni ya jina kuna kiduara cha picha ya wasifu, umekisahau. Katikati kuna ujumbe ulionukuliwa ili kujibiwa, na juu ya nukuu hiyo jina limejitokeza tena. Kwenye kundi, asiyehifadhiwa kwenye simu yako anaonekana kwa namba yake kamili. Mstari wa juu kabisa wa simu unaweza kuwa na arifa ya mtu mwingine kabisa. Na chini, kwenye kisanduku cha kuandikia, kuna maneno uliyoanza kuandika ukaacha.

Namna ya kufunika nayo ni mtego. Maandishi yaliyofunikwa kwa ukungu au vimiraba yanaweza kusomeka, hasa pale panapofunikwa tarakimu chache ambazo mtu anaweza kuzijaribu moja moja. Kalamu ya kukolezea kwenye simu huacha rangi inayopitisha mwanga; anayejua huongeza mwangaza na utofauti wa rangi, na jina linarudi. Mstatili mweusi juu ya faili la PDF mara nyingi unakaa juu ya maandishi bila kuyaondoa: chagua eneo lile, nakili, bandika pengine, maneno yanatoka yote. Hata kukata picha si dawa ya uhakika. Mwaka 2023 iligunduliwa kwamba zana ya kuhariri picha kwenye simu za Google Pixel ilikuwa ikiacha sehemu iliyokatwa ndani ya faili. Kasoro ilirekebishwa, lakini picha zilizokwisha kusambazwa hazikurekebishika.

Utaratibu unaofaa ni huu. Kata kwanza kila kisichohitajika, pamoja na mstari wa juu wa simu. Funika kilichobaki kwa umbo lililojazwa rangi moja isiyopitisha mwanga, na liwe pana kuliko neno lenyewe, maana urefu wa jina nao ni kidokezo. Hifadhi. Kisha piga skrinishoti mpya ya hiyo picha iliyofunikwa, na usambaze hiyo ya pili tu. Kabla ya kuituma, ikuze na uongeze mwangaza hadi mwisho, uikague wewe kabla hajaikagua mwingine.

Ukishafanya yote hayo, bado kuna muktadha. "Muuguzi wa zamu ya usiku aliyejifungua mwezi uliopita" hana jina hapo, lakini kila mtu wa hospitali ile anamjua. Kwa sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, mtu anayeweza kutambulika ni sawa na aliyetajwa.

"Nimenukuu kidogo tu"

Hakuna asilimia maalumu ambayo ukinukuu chini yake uko salama. Kinachosahaulika zaidi ni kwamba ruhusa ya kunukuu iliyomo katika Mkataba wa Berne inahusu kazi ambazo tayari zimefika kwa umma kihalali, na barua ya faragha haijafika. Marekani, mwaka 1987, mwandishi wa riwaya J.D. Salinger alizuia kitabu cha maisha yake kilichotumia barua zake ambazo waliozipokea walikuwa wamezipeleka maktaba za vyuo vikuu. Mahakama ilihesabu hata sentensi zilizobadilishwa kidogo tu kuwa ni kunakili. Mwaka 1992 sheria ya huko iliongezwa maneno kwamba kutochapishwa peke yake hakufungi mlango wa kunukuu, lakini mlango wenyewe si mpana. Hakimiliki hailindi ukweli wa jambo. Kwa hiyo kusimulia kwa maneno yako mwenyewe kwamba mtu alikataa kulipa ni njia salama zaidi kuliko kubandika barua, mradi jambo lenyewe halikuwa siri uliyokabidhiwa.

"Nimeweka kwenye kundi, si hadharani"

Kundi la watu 200 si sebule. Sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya inasamehe shughuli za binafsi na za nyumbani, lakini mwaka 2003 mahakama ya umoja huo, katika kesi iliyotoka Sweden, ilisema kuweka habari za watu kwenye intaneti zikaonekana na watu wasio na idadi si jambo la nyumbani. Kati ya zilizowekwa kulikuwa na habari kwamba mfanyakazi mwenza ameumia mguu. Hiyo ikahesabiwa kuwa taarifa ya afya.

"Lakini ni kweli tupu"

Ukweli ni kinga dhidi ya dai la kashfa. Dhidi ya dai la faragha si kinga. Mara nyingi kadiri habari ilivyo ya kweli ndivyo inavyoumiza.

"Ameshafariki"

Hakimiliki haizikwi. Kiwango cha chini cha Berne ni miaka 50 baada ya kifo, na Ulaya na Marekani kwa kawaida ni 70. Ruhusa inatoka kwa warithi. Nyaraka zikiwa zimehifadhiwa maktaba, kibali cha maktaba kinakupa kuiona karatasi tu. Uingereza kuna kituko cha aina yake: barua nyingi ambazo hazikuwahi kuchapishwa, hata za watu waliokufa karne kadhaa zilizopita, zina hakimiliki hadi mwisho wa mwaka 2039.

"Basi hata polisi siwezi kuwaonyesha"

Wengine wakishasikia yote haya huogopa kupita kiasi na kukaa na ujumbe wa vitisho kimya. Kupeleka ushahidi kwa polisi, mahakama, wakili au mamlaka ya usimamizi ni jambo tofauti kabisa na kuchapisha. Peleka kwa anayehusika tu. Usitegemee skrinishoti peke yake, kwani ni rahisi kuighushi na ni rahisi kupingwa. Tunza simu yenyewe na mazungumzo bila kuyafuta, hamisha mazungumzo yote kama faili, na kwa barua pepe hifadhi ujumbe asilia pamoja na taarifa zake za kichwa (header), zinazoonyesha njia ambayo ujumbe ulipitia. Ukiufowadi, taarifa hizo kwa kawaida hazifuatani nao. Na hakikisha kujifuta kwa ujumbe baada ya muda kumezimwa kabla hujaanza lolote.